Harry Byrd: tajiri wa matofaa aliyechukia deni, na shule zilizofungwa

Pamoja na ndugu zake alijenga moja ya biashara kubwa za matofaa mashariki mwa Marekani. Kiisha aliongoza siasa ya jimbo la Virginia kwa miaka karibu 40. Maisha ya Harry Byrd yana somo la kazi, na yana somo la hasara pia.

Mkaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo anayenunua tofaa sokoni, lile wengi wanaita pome, mara nyingi anashika tunda lililovunwa miezi mingi mbele, mbali sana na Kivu. Halikuoza njiani kwa sababu kuna watu walilichagua, wakalifunga vizuri na kulilaza kwenye baridi. Siku hiyo hiyo, hapa karibu, nanasi na maparachichi yanaozea kando ya barabara juu ya kamiyo iliyokwama katika matope. Kati ya matunda yale na haya, tofauti haiko kwenye udongo. Iko kwenye kazi inayofanywa kisha mavuno.

Kati ya familia zilizotajirika kwa kazi hiyo, moja ni ile ya Byrd, ya mji wa Winchester, kaskazini mwa Virginia. Kiongozi wake, Harry Flood Byrd, alikuwa mkulima, mwenye magazeti, gavana, kiisha seneta. Alizaliwa tarehe 10 Juni 1887 na akafariki tarehe 20 Oktoba 1966.

Kijana wa miaka 15 na deni la karatasi

Baba yake, Richard Evelyn Byrd, alikuwa mwanasheria na mwanasiasa. Alikuwa na gazeti ndogo pale Winchester lenye jina la Evening Star, lakini akili yake ilikuwa zaidi kwa siasa kuliko kwa hesabu za gazeti. Mwaka 1903 gazeti lilikuwa karibu kufa. Lilikuwa na deni la dola 2,500 kwa kampuni iliyolitolea karatasi, na kampuni ile ikakataa kutuma hata bunda moja zaidi kwa mkopo.

Harry alikuwa na miaka 15. Aliacha masomo, akamwomba baba yake amwachie gazeti aliendeshe. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kupatana na wenye karatasi: watamtumia karatasi za siku moja, naye atalipa pesa za siku hiyo mkononi. Kama hakuna pesa, hakuna karatasi, na hakuna gazeti. Kila siku ilibidi atafute pesa za matangazo na pesa za wasomaji mbele ya jioni kufika. Pole pole deni la zamani likalipwa, na gazeti likaanza kuleta faida.

Kijana huyo hakurudi tena shuleni. Ile miezi ya kulipa siku kwa siku ndiyo ikawa shule yake, na kile alichojifunza pale alikibeba hadi kufa: deni ni kamba shingoni. Wazo hilo halikuwa lake peke yake. Virginia ilitoka katika vita ya ndani ya Marekani, ile ya 1861 hadi 1865, ikiwa imeharibika na imejaa madeni, na wazee wengi wa wakati wake walikua wakisikia habari za deni hilo nyumbani.

Mkubwa wa bariera

Mwaka 1908, akiwa na miaka 21, alipewa kazi ya kuongoza kampuni ya barabara ya Valley Turnpike. Barabara hiyo ilitoka Winchester ikaenda hadi Staunton, kilomita karibu 150, ikipita ndani ya bonde la Shenandoah. Ilikuwa barabara ya kulipia. Kila umbali fulani kulikuwa bariera, na mwenye gari la farasi alilipa peaji ndipo apite.

Kazi ya Harry ilikuwa kuzunguka barabara yote, kuangalia mashimo, na kuhakikisha kwamba pesa za bariera zinarudi kutengeneza barabara ile ile. Wakaaji wa mashariki mwa Kongo wanajua bariera ni nini, na wanajua uchungu wa kulipa peaji kila siku huku mashimo yakizidi. Kwenye barabara hiyo kijana Byrd alijifunza mambo mawili. La kwanza, mkulima asiye na barabara nzuri ni kama hana shamba. La pili, barabara inaweza kutengenezwa kwa pesa za wale wanaoitumia, bila serikali kukopa.

Kutoka shamba la kukodi

Bonde la Shenandoah lina udongo wa mawe ya chokaa, vilima visivyotuamisha maji, na kipupwe cha baridi kali. Mti wa tofaa unapenda hivyo. Unahitaji majira ya baridi ili ulale, ndipo uamke na kutoa maua mwezi wa nne. Hatari yake iko hapo hapo. Usiku mmoja wa baridi kali wakati wa maua unaweza kumaliza mavuno ya mwaka mzima.

Harry alianza matofaa akiwa bado kijana, kwa kukodi mashamba ya watu wengine. Kiisha akanunua ardhi yake, akapanda miti, akaongeza shamba juu ya shamba. Kazi hii inataka uvumilivu. Wakati ule mti wa tofaa ulichukua miaka mingi mbele ya kutoa mavuno ya maana, na katika miaka hiyo yote mwenye shamba analipa wafanyakazi, anakata matawi, anapiga dawa ya wadudu, bila kuuza hata sanduku moja. Gazeti ndilo liliweza kuleta pesa za kila siku wakati miti ilikuwa inakua. Ndiyo maana hakuliacha, hata mashamba yalipokuwa makubwa kulipita.

Mwaka 1913 alimwoa Anne Beverley. Walizaa watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Baadaye familia ilihamia nyumba kubwa iitwayo Rosemont, katika mji mdogo wa Berryville, karibu na mashamba.

Siri iko kwenye baridi

Mtu anaweza kufikiri kwamba utajiri wa matofaa unatoka kwenye miti. Ukweli ni kwamba wakulima wengi walikuwa na miti, na wengi walibaki maskini. Mavuno yote yanafika kwa wakati mmoja, mwezi wa tisa na wa kumi. Kila mtu anapeleka sokoni wiki ile ile, na bei inaanguka. Anayelazimishwa kuuza siku hiyo anauza kwa bei ya mnunuzi. Mwenye uwezo wa kungoja ndiye anauza kwa bei yake.

Ila tofaa halingoji bure. Tunda lililotolewa kwenye mti halijakufa. Linaendelea kupumua, linatumia sukari yake, linatoa joto na hewa inayoivisha matunda mengine jirani. Ndiyo maana moja lililooza linaharibu sanduku zima. Likiachwa kwenye joto, linalainika ndani ya muda mfupi. Likiwekwa katika chumba chenye baridi ya karibu nyuzi 0, kupumua kwake kunapungua sana, na aina nzuri zinaweza kukaa miezi mingi zikiwa ngumu na tamu.

Kwa hiyo kazi ya kweli ilianza kisha kuvuna. Kwanza, kuchuna kwa mikono bila kupiga tunda, kwa sababu alama ndogo ya leo ni uozo wa kesho. Pili, kupeleka haraka kwenye nyumba ya kufungia, kuchagua kwa ukubwa na kwa rangi, na kutupa pembeni yenye wadudu. Tatu, kufunga. Zamani yalifungwa katika mapipa ya mbao, baadaye katika vikapu na masanduku. Nne, kuingiza depo ya baridi, yenye kuta nene na mashini zinazosukuma baridi ndani ya mabomba. Mwisho, kupakia treni, na baadaye kamiyo, wakati bei imepanda.

Familia ya Byrd ilishika hatua hizo zote: shamba, kufunga, baridi, na kuuza. Matofaa yasiyo na sura nzuri hayakutupwa. Yalikwenda viwandani kugeuzwa kuwa maji ya matunda, siki na rojo ya makopo. Soko lilikuwa nchi nzima, na Uingereza pia. Mbele ya miaka ya 1930, mapipa mengi ya matofaa ya Virginia yalivuka bahari. Uingereza ilipoweka ushuru kwa matunda yasiyotoka katika makoloni yake, na kiisha vita ya pili ya dunia ikafunga njia za meli, wakulima wa bonde waliotegemea soko lile moja waliumia. Wenye depo za baridi na viwanda walikuwa na mahali pengine pa kugeukia.

Mji wa Winchester wenyewe ulibadilika. Depo kubwa za baridi zilijengwa karibu na reli, na sikukuu ya maua ya matofaa ya mji ilianza mwaka 1924.

Ndugu watatu

Biashara hii haikuwa ya mtu mmoja. Harry alikuwa na wadogo wawili. Richard alikwenda jeshi la maji, akawa mtafiti mashuhuri wa dunia. Ndiye aliyeongoza safari ya ndege juu ya ncha ya kusini ya dunia mwaka 1929. Tom, mdogo wa mwisho, alibaki nyumbani na akawa mshirika katika mashamba. Wakati Harry alikuwa kwenye mikutano ya siasa, Tom alikuwa kati ya miti. Bila Tom, ingekuwa vigumu kwa Harry kuwa mkulima na mwanasiasa kwa wakati moja. Baadaye watoto wa kiume wa Harry waliingia pia: Harry mdogo akachukua magazeti, wengine wakashika matofaa.

Kulikuwa pia na wengine ambao majina yao hayakuandikwa popote: wachumaji. Mavuno yanahitaji maelfu ya mikono kwa wiki chache tu. Familia maskini za bonde, weusi na wazungu, zilipanda ngazi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, vijana walipokwenda jeshini, mashamba ya bonde yalipokea watu kutoka visiwa vya Karibe, hata wafungwa wa vita wa Kijerumani. Walilala katika makambi, na mavuno yalipokwisha waliondoka. Kila depo iliyojaa ilijazwa na migongo yao.

Gavana wa lipa kwanza

Siasa ilikuwa katika damu ya familia. Baba yake aliongoza baraza la wabunge la Virginia, na mjomba wake, Henry Flood, alikuwa mbunge huko Washington na mtu mwenye nguvu katika chama cha Democrat. Harry aliingia seneti ya jimbo mwaka 1916.

Jina lake lilipanda mwaka 1923. Wakati huo magari yalikuwa yanaongezeka na barabara za Virginia zilikuwa matope. Watu walipigia kura swali moja: je, jimbo likope dola milioni 50 kujenga barabara? Byrd aliongoza upande wa kukataa. Hoja yake ilikuwa ile ya gazeti na bariera: tujenge kwa pesa zilizo mkononi, kodi ya petroli ilipe. Alishinda. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 38, alichaguliwa gavana.

Kutoka 1926 hadi 1930 alipanga upya serikali ya jimbo, akaunganisha ofisi nyingi zilizofanya kazi moja, akaacha akiba pale alipokuta upungufu. Mwaka 1928 alitia sahihi sheria kali dhidi ya makundi yanayoua mtu bila kumfikisha mbele ya tribinali, jambo ambalo kusini mwa Marekani lilimwaga damu ya watu weusi wengi. Kila sehemu iliyojua kundi linaloshika sheria mkononi inaelewa uzito wa sahihi hiyo.

Mwaka 1933 aliingia seneti ya Marekani, akabaki humo miaka 32, akipinga matumizi na madeni ya marais wa kila upande.

Hesabu ambayo haikufanywa

Ila kuna upande mwingine. Nguvu ya Byrd katika Virginia ilisimama juu ya uchaguzi wa watu wachache. Ili kupiga kura, mtu alilazimika kulipa kodi ya dola 1.50 kwa mwaka, na kuonyesha kwamba amelipa miaka mitatu, miezi sita mbele ya uchaguzi. Mfanyakazi wa shamba, mweusi ao mzungu maskini, angetoa wapi? Sheria hiyo ilikuwako tangu katiba ya 1902, lakini kundi la Byrd lilikula matunda yake. Kura zilikuwa kidogo sana, na wenye kupiga wengi walijulikana kwa majina.

Na kuogopa deni kuliacha alama. Virginia haikuwa na madeni mengi, lakini ilibaki nyuma kwa pesa za shule na hospitali. Shule za watoto weusi ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1951, katika mji wa Farmville, wilaya ya Prince Edward, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza wanafunzi wenzake kugoma. Walisoma katika vibanda vilivyofunikwa karatasi ya lami, wakati wazungu walikuwa na jengo zuri. Mgomo huo ukawa moja ya kesi tano zilizofika mbele ya korti kuu ya Marekani. Tarehe 17 Mei 1954 korti ilisema kwamba kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Byrd angeweza kukubali. Alikuwa na nguvu ya kutosha kwamba neno lake moja lingefungua njia. Alichagua kinyume. Mwaka 1956 aliita Virginia na majimbo ya kusini kukataa kwa nguvu zote. Bunge la jimbo likapitisha sheria: shule ya serikali yoyote itakayoanza kuchanganya watoto itafungwa. Mwezi wa tisa 1958, shule zilifungwa kweli katika Front Royal, Charlottesville na Norfolk. Watoto zaidi ya 12,000, wengi wao wazungu, walibaki nje. Front Royal iko chini ya kilomita 40 kutoka Winchester, katika nchi ya matofaa.

Januari 1959 korti zilivunja sheria hizo, na shule hizo zikafunguliwa. Lakini katika Prince Edward viongozi wa wilaya walikwenda mbali zaidi. Walikataa kutoza kodi ya shule, wakafunga shule zote za serikali kutoka 1959 hadi 1964. Watoto wazungu walifunguliwa shule ya binafsi. Watoto weusi karibu 1,700 walikosa shule. Wengine walipelekwa kwa ndugu wa mbali. Wengine walisomea katika vyumba vya kanisa. Wengine hawakurudi tena kamwe, waliingia kwenye mashamba wakiwa hawajui kusoma vizuri.

Wazazi wa Ituri na Kivu ambao watoto wao walipoteza miaka kwa vita wanajua miaka mitano bila shule inaharibu nini. Tofauti ni kwamba pale Prince Edward hakukuwa vita. Majengo yalikuwa mazima, walimu walikuwapo. Kilichokosekana ni sahihi ya wakubwa.

Kilichobaki

Mwezi wa kumi na moja 1965 Byrd aliacha kiti chake kwa sababu ya ugonjwa, na mtoto wake Harry akakichukua. Mwezi wa tatu 1966 korti kuu ilifuta ile kodi ya kupiga kura katika chaguzi za majimbo, kwa kesi iliyotoka Virginia yenyewe. Miezi saba baadaye mzee alifariki nyumbani Rosemont, akiwa na miaka 79.

Mwaka 1976 sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa bunge, mji wa Richmond. Mwaka 2003 wabunge wa Virginia walionyesha masikitiko yao kwa kufungwa kwa shule za Prince Edward, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wa kusomesha wale walionyimwa shule. Wakati huo walikuwa wamezeeka. Wengine walirudi kukaa kwenye benchi la darasa wakiwa na wajukuu. Mwezi wa saba 2021 sanamu ya Byrd iliondolewa.

Kwa mwenye duka, kwa mama anayeuza matunda, kwa familia inayotaka kufungua depo ya baridi Beni ao Uvira, somo la kwanza la Harry Byrd lingali na nguvu: lipa kwanza, chagua vizuri, funga vizuri, jifunze kungoja, na fanya kazi na ndugu yako. Gazeti lililokufa lilifufuka kwa njia hiyo, na vilima vya mawe vikajaa matunda.

Somo la pili ni zito zaidi. Mtu huyu alijua kuliko wengi kwamba tunda haliongojwi kwenye joto, na kwamba siku chache za uzembe zinaharibu kazi ya mwaka. Alijenga kuta nene ili tofaa lisipoteze hata wiki moja. Watoto wa jimbo lake waliachwa wapoteze miaka, na kwa hao hakuna depo ya baridi iliyoweza kuwatunzia utoto wao. Hilo ni deni ambalo yeye, aliyechukia deni maisha yake yote, aliliacha bila kulipa.